Daraja la Pua

Kwanza uso. Karatasi baadaye.
Nilimkalisha mama kando ya dirisha, mkabala na theluji,
nikashika rula ya chuma, nikampima:
milimita sitini na moja kutoka mboni hadi mboni,
kumi na tisa penye daraja,
na daraja lenyewe limepinda kushoto
tangu sleji ilipomtupa kwenye msonobari
akiwa na miaka saba.
"Andika limepinda," alisema Ersilia, mama yangu.
"Kiwandani tulikuwa na pua moja tu,
tukaigawa kwa dunia nzima."

Hapa Cadore nyumba na karakana ni pua na mdomo.
Miaka thelathini na minane alipachika bawaba,
jozi mia nne kwa zamu,
skrubu ndogo kama yai la chawa,
akarudi jioni na vidole vinavyonuka mafuta,
akatukatia mkate bila kuutazama.

Sasa katikati ya kila anachokitazama pana doa.
Nikimkabili, huona masikio yangu na ukuta.
Daktari wa Belluno alikunja karatasi zake taratibu:
hakuna lenzi, alisema,
ya kurudisha kilichokufa nyuma ya jicho.
"Basi nitengenezee fremu," mama aliniambia garini.
"Uso wangu uko uchi."

Asetati ilikuwa pamba, enzi za ujana wake.
Nilichagua rangi ya ng'amba, kahawia juu ya asali,
na hakuna ng'amba aliyeuawa:
ni rangi zilizomwagwa, zikakandamizwa,
zikakatwa mabamba kama jibini.
Msumeno ulipoingia, harufu ya siki ilipanda.
Wasemao macho hayana pazia
hawajui kazi ya kuyachongea madirisha:
mfereji wa ndani, usioonekana, wa kushika kioo
(niliuchonga pia, ingawa kioo hakiji),
kisha joto, kisha kalibu niliyoipiga tupa mwenyewe,
na daraja likakunjwa kushoto,
kidogo tu,
kiasi cha unene wa ukucha.

Kisha pipa.
Siku tatu, usiku na mchana, linazunguka
na vijiti vya mti mgumu na unga wa jiwe,
mngurumo ule ule niliolala nao utotoni
nikidhani kila nyumba ina mvua ghalani.
Pipa haliharakishwi.
Attilio wa zamu ya usiku alijaribu mwaka mmoja,
oda ya Munich ikimkaba koo,
akatoa fremu mia sita
zenye sura ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Mikono niliitia waya ingali moto,
waya ukapita ndani kama mshipa wa shingo.
Bawaba nilipachika mwisho, kwenye meza yake ya zamani,
pale ukingoni ambapo mbao imelika
kwa umbo la kiwiko kisicho changu.
Nta, kitambaa, nta tena.
Nikampelekea ndani ya soksi, kama yeye alivyozoea
kuzificha zile zenye kasoro.

Hakuzivaa.
Alifumba macho, akakunja mkono mmoja, akakunjua,
akausogeza sikioni.
"Ya kushoto inanong'ona," alisema.
"Ya kulia inalalamika. Robo ya mzunguko."
Nikampa bisibisi.
Ncha ilipata mdomo wa skrubu mara ya kwanza,
bila kupapasa,
na mimi, mwenye macho mawili mazima
na cheti cha usanifu ukutani,
nilikuwa nimeshika taa.

Kisha akazivaa.
Matundu mawili matupu, baridi ya dirishani ikipita.
Daraja likakaa pale alipoanguka akiwa na miaka saba
kama ndege aliyeujua ule mti.

"Nikoje?" aliuliza,
akitazama pembeni mwangu kidogo,
mahali ninapoonekana.